Anza na Kware, Kisha Usome 1929

Vijana wa chama chetu hapa Kisumu huniuliza waanzie wapi wakitaka kuelewa misukosuko ya kifedha na haya mabishano ya soko huria, yaani kama biashara iachiwe wauzaji na wanunuzi au serikali iingilie. Wengine tayari wamenunua kitabu kinene cha nadharia, wakakwama kabla ya sura ya pili. Jibu langu halibadiliki: anza na historia ya mianguko, na vitabu vya kutetea au kupinga soko huria vingoje. Anayeanza na mabishano huchagua upande kama anayechagua timu ya soka, Gor au Ingwe, na katika kila anachosoma baadaye humwona mwamuzi tu ndiye mbaya.

Kitabu cha kwanza ninachompa mtu ni Manias, Panics, and Crashes cha Charles Kindleberger, mwanauchumi wa Marekani. Kilitoka 1978, na hakina hesabu za kukutisha. Kindleberger anapita karne kadhaa akionyesha mwendo ule ule ukijirudia. Kinazuka kitu kipya chenye faida ya kweli, wachache wanapata, mikopo inalegea, jirani anaona jirani yake ameezeka mabati mapya. Bei inapanda leo kwa sababu ilipanda jana. Wajanja wanaanza kuuza kimyakimya, na siku ya siku wote waliobaki wanataka kuuza asubuhi moja.

Mtu wa huku kwetu hana haja ya kwenda Uholanzi ya 1637 na maua yake ya tulipu yaliyopanda bei kichaa kisha yakaporomoka, ili ashike maana. Sisi tulikuwa na kware. Waluo wamemtega ndege huyu mdogo, aluru kwa Kiluo, mashambani tangu zamani na kumla bila makuu yoyote. Halafu mnamo 2013 ikavuma kwamba mayai yake yanatibu karibu kila ugonjwa. Yai moja dogo likauzwa hadi shilingi 100, wakati la kuku lilikuwa halijafika hata 20. Watu wakauza mifugo, wakakopa kwenye sacco, wakanunua vifaranga na mashine za kuangulia, wakapiga foleni ya leseni ya wanyamapori. Kufikia 2014 bei ilikuwa imeporomoka na mayai hayana mnunuzi.

Soma Kindleberger ukiwa na kware kichwani, na katika kila kisa jiulize mnunuzi wa mwisho ni nani. Nani hasa alikuwa anakula mayai yale? Kwa ninavyoona, wateja wakubwa walikuwa wafugaji wapya waliotaka mbegu, yaani watu waliotegemea kuja kuwauzia wafugaji wapya zaidi. Aliyeondoka na pesa ni muuza vifaranga na fundi wa vizimba.

Lakini kuna swali la pili ambalo wengi hulikosa. Kware waliumiza nyumba nyingi, ila hakuna benki iliyoanguka kwa ajili yao. Kwa nini? Madeni yalikuwa madogo na yametawanyika. Bei ikianguka, anayeumia kwanza ni mwenye mali. Mambo huwa mazito pale mali hiyo ilipokuwa imenunuliwa kwa deni kubwa, na aliyekopesha naye anadaiwa na wengine. Hapo ndipo umefika 1929.

Kwa mwaka huo kuna The Great Crash, 1929 cha John Kenneth Galbraith, cha 1955. Ni kifupi na kina ucheshi mkavu. Unaweza kukimaliza kwa safari mbili tatu za matatu kwenda Nakuru. Kipimo cha hisa cha Dow Jones kilikuwa 381 mwezi Septemba 1929. Julai 1932 kilikuwa 41. Sehemu ya hisa hizo ilinunuliwa kwa pesa za kukopa, hisa zenyewe zikiwa dhamana. Ukimaliza hapo, soma sura ya miaka hiyo katika kitabu cha Milton Friedman na Anna Schwartz cha 1963 kuhusu historia ya pesa Marekani. Wao wanauliza mbona anguko la hisa likageuka njaa ya miaka. Wanajibu kwamba benki kuu iliacha benki zife kwa maelfu na pesa zilizokuwa katika mzunguko zikapungua kwa karibu theluthi moja. Friedman ndiye huyo mtetezi mkubwa wa soko huria, na hapa analalamika kwamba chombo cha serikali kilikaa mikono nyuma. Wanaomnukuu kwenye mabishano mara nyingi hawajafika ukurasa huo.

Walter Bagehot, mwandishi Mwingereza wa mambo ya benki, alikuwa ameshalizungumzia hilo mwaka 1873 katika Lombard Street: hofu ikiingia, benki kuu ikopeshe bila kusita, kwa riba ya juu, kwa wenye dhamana nzuri. Kumbuka Aprili 2016, Chase Bank ya hapa Kenya ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyoshindwa kulipa, baada ya wenye amana kukimbilia pesa zao na uvumi kuruka mitandaoni. Siku chache baadaye Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuwa tayari kuzikopesha benki zitakazobanwa bila kosa lao. Ukiwa umemsoma Bagehot, tangazo kama hilo unalielewa mara moja.

Sasa ndipo umfungue Adam Smith, Mskoti anayeitwa baba wa uchumi wa soko huria. Wengi humtaja bila kumsoma. Kitabu chake cha 1776, The Wealth of Nations, kilitoka miaka minne baada ya Ayr Bank kuanguka Scotland, na ndani yake anakubali benki ziwekewe mipaka, hata riba iwe na kikomo cha kisheria. Sisi tulijaribu kikomo hicho: kuanzia Septemba 2016 riba haikuruhusiwa kuzidi ile ya Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4, na Novemba 2019 sheria ikaondolewa. Benki ziliona heri kuikopesha serikali, na mwenye kibanda akanyimwa. Kwa hiyo hata Smith asikupe majibu ya kubeba mzimamzima. Uzuri ni kwamba yeye na Bagehot wanapatikana bure kwenye intaneti, kihalali, kwa sababu hakimiliki zao ziliisha zamani.

Mwisho kabisa, Markets and States in Tropical Africa cha Robert Bates, cha 1981. Kwangu hiki ndicho muhimu kuliko vyote kwa msomaji wa magharibi ya Kenya, na ni chembamba. Bates anauliza kwa nini serikali za Afrika zilipenda kupanga bei ya mazao hata mkulima alipoumia. Anajibu kwamba bodi za mazao zililisha miji kwa bei nafuu, zikaingizia serikali pesa, na zikawapa wakubwa fadhila za kugawia watu wao. Kibali cha kununua au kusafirisha mazao ni mali, na mwenye kukitoa ana wafuasi.

Hiki usikisome peke yako. Mtafute mzee aliyewahi kusafirisha mahindi kutoka Kitale kuja Kisumu zama za vibali, kabla soko halijafunguliwa 1993, umsomee sura moja. Niliyemsomea mimi alisikiliza hadi mwisho, akasema mzungu amejitahidi lakini amesahau bei ya kupita kila kizuizi, akaanza kunitajia moja baada ya nyingine, kuanzia Kitale.