Mavazi ya kazini kabla ya mshahara wa kwanza

Hongera kwa ajira, mdogo wangu. Nimekuelewa: unaripoti halmashauri mwezi ujao, mshahara bado, na kabatini umejaza jinzi na fulana.

Hizo ziache nyumbani. Utumishi wa umma una Waraka Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi: nguo fupi, za kubana au zinazoonyesha mwili hazikubaliki, na jinzi pia. Usisubiri kuambiwa mbele za watu.

Huhitaji nguo nyingi. Sketi mbili zinazovuka magoti, nyeusi na bluu iliyoiva, blauzi tatu nne za rangi zinazokubali zote mbili, koti moja jepesi. Ukiwa Dar, nenda soko la Karume asubuhi mapema, mitumba ikifunguliwa. Kagua kwapa, zipu na kola kwenye mwanga wa jua, kisha mpelekee fundi apunguze kiuno. Kabla hujalipa, keti na uiname. Sketi ikipanda sana, iache hata kama inakupendeza. Kitenge kinafaa pia, ila kiloweke kabla ya kushonwa, vingine husinyaa.

Viatu nunua vizuri, vya kisigino kifupi. Hapo usibane hela.

Tafadhali usikope mkopo wa riba kwa ajili ya nguo. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa. Na kama kazi yako ni ya afya au ya kwenda vijijini, muulize afisa utumishi kuhusu sare kabla hujanunua chochote.