Artesuneti ya sindano: mililita 4 au 2?

Dada muuguzi wa Gulu, umeuliza kwa nini mwenzako alivuta mililita 4 za artesuneti, dawa ya malaria kali, kwa mtoto wa kilo 13, nawe ukavuta 2. Mko sahihi nyote, ikiwa yeye alichoma mshipani nawe msulini. Chupa ya miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti, itikiswe hadi iwe angavu. Kisha ongeza mililita 5 za salaini (maji ya chumvi) kwa mshipa, au 2 kwa msuli: yaani miligramu 10 au 20 kwa kila mililita. Chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo. Hatari kubwa ni kuchanganya vipimo hivyo. Dozi yaweza kuongezeka maradufu au kupungua nusu. Tafadhali, andika nguvu ya dawa kwenye bomba la sindano. Dawa iliyopita saa moja tangu ichanganywe, mwaga.