Kwa Anayeanza Kuongoza Mbwa wa Kunusa Pembe za Ndovu

Wengi wenu mnaoingia katika vikosi vya mbwa mkitokea kwenye uaskari wa wanyamapori hudhani kwamba mnakwenda kumfundisha mbwa. Katika mpango ambao shirika la uhifadhi la African Wildlife Foundation liliuanzisha mwaka 2014, na ambao mafunzo yake hufanyika Usa River, karibu na Arusha, mtu ndiye mwanafunzi mkubwa, kwa kuwa mbwa huwa ameshazoeshwa harufu za pembe na magamba ya kakakuona.

Mwanzoni, mlishe, msafishie banda na ucheze naye kila siku, maana atakutafutia kontena zima kwa ajili ya mpira mmoja tu ulio mkononi mwako. Ikiwa umeogopa mbwa tangu utotoni, mweleze mkufunzi mapema. Ni jambo la kawaida kwetu na linatibika.

Linalowashinda wengi ni kuuzuia mwili wao usiseme. Mwongozaji anayejua sampuli ya mazoezi, yaani kipande cha pembe au magamba, ilipofichwa hupunguza mwendo au huikaza kamba anapolikaribia sanduku lile, na mbwa, ambaye humsoma bwana wake mchana kutwa, hukaa chini, yaani hutoa ishara ya kwamba amenusa kitu, ili kumridhisha tu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2011, ulizipima timu 18 mahali pasipo na harufu yoyote ya kutafutwa. Hata hivyo waongozaji waliripoti ishara nyingi, hasa pale walipoambiwa kwamba karatasi fulani ilionyesha penye harufu. Kwa hiyo mwombe mwenzako afiche sampuli bila wewe kujua, akiwa amevaa glavu safi, na siku nyingine asifiche chochote, ili mjifunze nyote wawili kumaliza safu ya mizigo na kuondoka bila ishara. Mbwa akikuvuta kuelekea usikokutazamia, mfuate.

Bandarini Mombasa na Dar es Salaam mtawakuta abiria Waislamu wasiopenda kuguswa na mate ya mbwa, nao wana haki ya kuheshimiwa: ipangeni mizigo chini, watu wasimame kando.

Fanyeni kazi asubuhi, kwa kuwa mbwa anayehema kwa joto hawezi kunusa vizuri. Kwenye maeneo ya mbung'o, akipata homa, akikataa chakula au jicho likiingia ukungu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwani nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, humuua mbwa upesi.