Maji juu ya kifuniko: barua kwa mwanangu kuhusu biringanya za Pune

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na ile picha ya sufuria nimeivuta kwenye simu mpaka nikaziona mbegu. Umeniuliza mambo matatu: kwa nini biringanya zako za kujaza zimepasuka na mchuzi ukawa mchungu, kama unaweza kutumia ngogwe, maana biringanya ndogo huko Mwanza hukuzipata, na kwa nini mchuzi wako haufanani na ule niliokuwa nawapikia nyumbani siku za Jumapili. Ukaongeza kwamba mwanao alionja mara moja akaisukuma sahani. Hilo limenigusa, kwa sababu wewe ulianza kuula mchuzi huo ukiwa na miaka minne. Nikaona kwenye simu nitasahau nusu ya mambo, bora niandike.

Nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa majibu mengine yamo humo.

Umesema umefuata mapishi ya Kihindi, na najua siku zote ulidhani niliyapata kwa majirani zetu Wagujarati hapa Tanga. Wagujarati nao wanazo biringanya zao za kujaza, wanaziita ravaiya, ni nzuri, lakini si hizi. Hizi ni za Pune, jimbo la Maharashtra, nilikosoma biashara kuanzia 1988 hadi 1991. Wenyewe wanaziita bharli vangi. Vangi ni biringanya, bharli ni zilizojazwa. Chumba nilipanga kwa mama mmoja mjane, mtu mzima sana, ambaye wajukuu zake walimwita Aji, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Nyumbani kwake nyama haikuingia. Mwaka wa kwanza nilikula mikahawani nikaishiwa pesa. Mwaka wa pili Aji akaniambia nilete mchango wa mboga nile pamoja nao, ila niende mwenyewe sokoni, na nikirudi nikae jikoni nisaidie. Hivyo ndivyo nilivyojifunza.

Soko lilikuwa Mandai, lile jengo la mawe lenye mnara lililofunguliwa 1886, wakati wa Waingereza. Biringanya zilikuwa za kila aina: nene nyeusi za kuchoma, ndefu za kijani, na zile za kujaza, ndogo kama yai la bata, za zambarau zenye michirizi myeupe. Wauzaji walizinadi kwa jina la mto, wakisema ni za kando ya mto Krishna, maana za huko ndizo zinazosifiwa. Aji hakusikiliza mnada. Alinifundisha kuibonyeza biringanya kwa kidole gumba: ngozi ikirudi yenyewe ni changa, ikibaki na shimo imezeeka. Kikonyo kiwe kibichi na chenye miiba inayochoma kidogo. Kikishanyauka, ndani utakuta mbegu za kahawia, na hapo ndipo uchungu unapokaa. Katika picha yako mbegu zilikuwa za kahawia, mama. Kwa hiyo nusu ya uchungu ulitoka nao sokoni.

Nusu nyingine nadhani ni ya kikaangoni. Umeandika kwamba ulikaanga karanga, ufuta na nazi pamoja ili kuokoa muda. Hapo hapana. Karanga inataka moto mdogo na dakika kumi hivi mpaka ngozi ilegee. Ufuta hauchukui hata dakika mbili: ukianza kuruka, unautoa. Ukiviweka pamoja, ama karanga inabaki mbichi ama ufuta unaungua, na ufuta ulioungua hauna dawa. Sukari haiufichi, ukwaju ndio kwanza unautangaza. Mara ya kwanza Aji aliponiachia kikaango, niliuunguza. Alinusa, akachukua bakuli zima, karanga, nazi na viungo vyake, akamwaga nje, na siku hiyo tukala wali na dengu. Hakunigombeza. Lakini nilijua karanga zile zilinunuliwa kwa pesa ya kuhesabu, na tangu siku hiyo sijawahi kuondoka mbele ya ufuta ulioko motoni.

Sasa viungo. Umetumia garam masala ya pakiti. Si vibaya kwa michuzi mingine, lakini hii inatengenezwa kwa goda masala, na hapo ndipo ladha yako na yangu zilipoachana. Goda maana yake ni tamu, ingawa haina sukari. Utamu wake ni wa nazi na ufuta uliokaangwa vikasagwa pamoja na viungo. Ina mbegu za giligilani kwa wingi, ndizo nusu yake, kisha binzari nyembamba, mbata, ufuta, mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga, pilipili kavu, manjano na mvuje kidogo. (Karafuu nilizinunua duka moja karibu na Mandai. Mwenye duka aliposikia natoka Tanzania alinimiminia chache kiganjani, akasema neno moja tu: Zanzibar. Niliondoka pale nikiwa na nguvu za wiki nzima.) Halafu kuna kitu kimoja ambacho bila hicho goda masala si goda masala: dagadphool, ua la jiwe. Si ua kweli, ni kuvumwani, kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, linaloota kwenye mawe na magome ya miti, jepesi kama karatasi, jeusi upande mmoja na jeupe upande wa pili. Ukilinusa bichi hulithamini. Likiguswa na mafuta ya moto linatoa harufu ya udongo ulionyeshewa na moshi wa mbali. Harufu hiyo ndiyo uliyoikosa, ukashindwa kuitaja ukaandika tu kwamba "kuna kitu hakipo".

Kwa biringanya ndogo nane, karibu nusu kilo, chukua nusu kikombe cha karanga, vijiko viwili vya chakula vya ufuta na vinne vya nazi kavu. Kila kimoja kikaangwe peke yake bila mafuta, kipoe, kisha vitwange kwenye kinu. Usitumie mashine ikavifanya uji. Chembe za karanga zionekane. Changanya na vijiko viwili vya goda masala, kijiko cha chai cha pilipili ya unga, nusu kijiko cha manjano, chumvi, kipande cha sukari guru kama nusu ya kiberiti, na ukwaju mzito vijiko viwili. Mimi naongeza kitunguu maji kimoja kilichokaangwa na punje nne za kitunguu saumu, vyote vimesagwa. Aji hakuweka. Onja mchanganyiko huo kabla haujaingia kwenye biringanya. Uwe umekolea kupita kiasi kidogo, chumvi, utamu, ukali, vyote, kwa kuwa nyama ya biringanya haina ladha ya kujitetea, itakunywa hiyo yote.

Biringanya unaipasua msalaba kutoka chini kwenda juu na kuacha kikonyo kishike vipande vinne. Usikikate kikonyo. Ziloweke kwenye maji ya chumvi wakati unatwanga, zisiwe nyeusi, kisha zifute na uzijaze kwa kidole, taratibu. Mchanganyiko unaobaki usitupe, ndio utakaokuwa mchuzi.

Mafuta vijiko vinne. Yakipata moto tia haradali, zikiacha kupasuka tia mvuje kiasi cha ncha ya kisu, na kipande cha ua la jiwe. Panga biringanya zako zimelala, zigeuze kwa mikono miwili ya subira, kila ubavu upate rangi. Kisha funika.

Hapa ndipo nataka unisikilize kuliko kote. Umeandika kwamba ulimimina vikombe viwili vya maji ya bomba ukaacha vichemke. Biringanya ni kama sifongo, ndani ina hewa tupu. Ukiichemsha kwenye maji mengi inayanywa, inavimba, inapasuka, na ulichojaza kinaelea nje. Ndicho nilichokiona kwenye picha. Aji hakutia maji ndani ya sufuria hata tone mwanzoni. Alifunika kwa sahani ya bati yenye kingo, akamimina maji juu ya ile sahani. Moto mdogo kabisa. Mvuke unaotoka kwenye biringanya unapanda, unakuta sahani imepozwa na maji, unageuka matone na kurudi chini. Biringanya inaiva kwa maji yake yenyewe. Na yale ya juu yanapata moto polepole, kwa hiyo mchuzi ukianza kushika chini, unainua sahani na kumimina ndani kidogo, yakiwa tayari ya moto, kisha unaijaza sahani tena. Mama yako anapopika wali wa nazi anapalia makaa juu ya kifuniko ili joto litoke pande mbili. Aji aliweka maji ili joto lisizidi.

Baada ya dakika kumi ongeza ule mchanganyiko uliobaki, pamoja na maji ya juu ya sahani, kama kikombe kimoja kwa jumla, mara mbili tatu, si mara moja. Dakika ishirini hadi ishirini na tano kwa jumla. Choma kisu karibu na kikonyo, maana hapo ndipo panapochelewa. Utajua umeiva ukiona mafuta yamejitenga pembeni, mekundu, na mchuzi mzito unaoshika mwiko. Zima, acha umefunikwa robo saa. Ukiweza kuupika asubuhi ukaula jioni, fanya hivyo.

Kuhusu ngogwe. Ngogwe na biringanya ni ukoo mmoja, lakini ngogwe ni ya Afrika na biringanya ni ya Asia, na uchungu wa ngogwe si kasoro, ndio ladha yake. Nilijaribu mwaka niliorudi, hapa Tanga, nikijipa moyo kwamba zinafanana kwa umbo. Ngozi ilibaki ngumu, na ule uchungu ukagombana na sukari guru. Ngogwe ipike kwa nyanya na dagaa kama anavyopika bibi yako, huko ndiko iko kwao. Wewe chukua zile biringanya ndefu nyembamba, chagua changa, zikate vipande vya urefu wa kidole, kila kipande kipasue msalaba bila kufika chini. Hazitapendeza kwa macho kama zenye vikonyo. Kwa mdomo ni zile zile.

Kuna kitu kingine nilitaka kukueleza muda mrefu, nacho ni kwa nini mimi huupika zaidi kuanzia mwisho wa Novemba. Katika miezi minne ya mvua, wanayoiita Chaturmas, familia nyingi za kule hujinyima baadhi ya vyakula, na nyumbani kwa Aji kitunguu, kitunguu saumu na biringanya vilikaa nje ya jikoni muda wote huo. Mimi mwenye Ramadhani yangu nilimwelewa bila kuelezwa. Biringanya ilirudi siku ya Champa Shashthi, sikukuu ya mungu wao Khandoba, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Watu wanapanda kilima cha Jejuri, si mbali na Pune, wanarusha manjano ya unga mpaka ngazi na nguo zinageuka rangi moja. Nyumbani Aji alichoma biringanya nene moja kwa moja kwenye moto, akaiponda kuwa bharit, akaila na mkate wa uwele. Kesho yake zikaja za kujaza. Sijasahau uso wake alipomega tonge la kwanza baada ya miezi minne. Alifumba macho. Ninapopika mimi nikaona mmoja wenu anafumba macho, najua nimeupata.

Usiule na wali. Kule wanaula na bhakri, mkate bapa wa mtama, na Mwanza unga wa mtama huukosi. Chemsha maji, changanya na unga wakati ungali wa moto, kanda kwa kiganja mpaka ulainike, kisha upige uwe duara kwa viganja, bila kusukuma. Utapasuka kingoni mara za kwanza, lowesha vidole uzibe. Kikaango kikavu, na upande wa juu upake maji kwa mkono kabla hujaugeuza. Weka na kitunguu kibichi kilichopondwa kwa ngumi, kisikatwe kwa kisu. Mwanao mpunguzie pilipili iwe robo kijiko, na mpe biringanya moja tu, umtolee ngozi.

Jumanne nitampa dereva wa basi kifurushi. Ndani kuna goda masala niliyosaga jana, ya kutosha mapishi matatu, na ua la jiwe kwenye karatasi peke yake, linatoka kwenye akiba yangu ya Kisutu, Dar es Salaam. Usiliweke karibu na majani ya chai, yatanuka. Ukishapika, kabla hujaongeza chumvi, nipigie uniambie mafuta yamejitenga au bado. Mama yako anakusalimu, na anasema hilo la mikono miwili ya subira nimeiba kwake.

Wasalaam,
Baba yako