Ukiwapeleka Watoto Shoo, Anzia kwa Msuka Ukili

Mwaka wa kwanza nilipowapeleka wanangu wawili kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Mombasa pale Mkomani, nilianza na bembea. Tulipoyafikia mabanda ya kazi za mikono ilikuwa saa tisa alasiri, jua limewachosha na aiskrimu imewaganda vidoleni. Kijana wangu, wakati huo ana miaka sita, akanyakua kiboko wa jiwe la sabuni la Kisii. Akamponyoka, mguu ukakatika. Nililipa, nikamwomba fundi radhi, tukaondoka bila kuona chochote. Iliniuma sana, maana mimi mwenyewe nimelelewa juu ya mkeka.

Siku hizi tunavuka daraja la Nyali mapema, na saa tatu asubuhi tuko ndani. Saa hiyo fundi hajazongwa na wateja, na mtoto bado ana hamu. Maji, kofia za jua na kitu cha kutafuna tunabeba kutoka nyumbani. Bembea zinangoja, hazijawahi kutukimbia.

Pia usiwazungushe vibanda vyote. Chagueni fundi mmoja, mkae naye. Mwaka wa pili binti yangu alisimama mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili, ule utepe mrefu wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Akamwamkia, "Shikamoo bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu. Keti, usione haya." Tulikaa hapo karibu saa nzima. Bibi alimwonyesha makuti ya mkindu yaliyoanikwa juani hadi yakawa meupe, akachana moja kwa ukucha kupata chane nyembamba, akamwambia nyingine huchemshwa na rangi ndipo zikapata ule wekundu na zambarau. Kisha akampa mwanzo wa ukili ashike. Mtoto alikosea, bibi akafumua. Akakosea tena, bibi akafumua tena, hana haraka. Baadaye alimwonyesha jinsi ukili mrefu unavyoshonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, ile sindano kubwa, mpaka ukawa mkeka. Njiani binti akaniuliza, "Mama, kwa hivyo mkeka wetu wa sebuleni mtu aliusuka wote kwa vidole?" Alikuwa ameulalia miaka tisa.

Kwa hiyo wafundisheni watoto maswali kabla hamjatoka nyumbani. Hii imetokana na mti gani? Nani alikufundisha? Inachukua siku ngapi? Mshona kofia za vito ukimuuliza swali hilo la mwisho, utaona mtoto anavyoitazama upya kofia ya babu yake, vile vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja.

Kuhusu kushika vitu: ombeni ruhusa kwanza, kisha mikono miwili, kitu kikiwa juu ya meza. Kwa wachonga vinyago, mwombe fundi ampe mtoto kipande cha mpingo mkono mmoja na cha mwembe mkono wa pili. Uzito utamfundisha kuliko maelezo yako yote. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na mtoto aliyeushika hadanganyiki tena na mti mwepesi uliopakwa rangi nyeusi ya viatu.

Na tafadhali, mzazi mwenzangu, usimkandamize fundi bei mbele ya mtoto. Kupatana ni desturi yetu, sikatai. Lakini mtoto aliyetoka kusikia kwamba kikapu kimechukua siku kadhaa, kisha akamsikia mamake akitaka kukinunua kwa bei ya soda mbili, ameelewa kwamba zile siku si kitu. Mimi huwapa wanangu shilingi 200 kila mmoja wachague wenyewe. Kijana alichagua kifumbu, kile kikapu kidogo cha kuchujia tui la nazi. Sasa tui la Jumapili ni kazi yake kulichuja, na hakubali mtu mwingine akiguse.

Mkiikosa shoo, ambayo mara nyingi huangukia Agosti au Septemba, msingoje mwaka mzima. Changamwe kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba, mtawaona mafundi wamekaa chini na tezo zao, vumbi la mti hadi kwenye nyusi. Bombolulu kuna karakana zilizoanza mwaka 1969, ambako mafundi wenye ulemavu hutengeneza mapambo, nguo na vitu vya ngozi. Huko mtoto wangu mdogo alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akinyamaza.

Kabla ya kuagana na msuka ukili, mwombe akuuzie fungu la chane. Nyumbani zinyunyizieni maji kidogo kabla ya kusuka, zikikauka sana hukatika. Ukili wa binti yangu tumeufunga kwenye kitasa cha mlango wa jikoni. Mwanzo wake umepindapinda, lakini sasa umefika dirishani.