Baiskeli pwani ya Cape mwezi wa Julai

Ndugu, umeuliza kama Julai inafaa kwa baiskeli kutoka Hout Bay hadi Simon's Town, Afrika Kusini, na kama utaona wanyama. Inafaa, ila usijifunge na tarehe. Kipupwe cha huko kina mvua, nayo huja na upepo mkali wa kaskazini-magharibi. Vizia siku ya katikati, mvua moja ikishapita na nyingine haijafika.

Barabara ya Chapman's Peak ni kilomita 9 zenye kona 114, mwamba huku, bahari kule. Hufungwa mawe yakiporomoka, kwa hiyo ulizia asubuhi kabla hujatoka.

Pengwini wa Boulders, ufuo ulioko Simon's Town, wapo mwaka mzima. Nyangumi ndio hasa wa msimu huo: huanza kuingia False Bay, ghuba ya upande wa Simon's Town, mwezi Juni. Ukimwona mmoja, simama kabisa pembeni. Shingo ikigeuka, baiskeli hufuata.

Wa kuogopwa ni nyani. Chakula kifiche ndani ya begi, usile wakiwa karibu, na kuwalisha ni kosa kisheria. Wakiziba njia, shuka usubiri.

Glavu na taa usiache. Jua huzama karibu saa 12 jioni.