Fulu fremu au kropu? Tuongee lenzi kwanza

Binti mmoja wa Kisauni ameniandikia juzi usiku. Pesa za chama zimemfikia, ameona bodi (kamera bila lenzi) iliyotumika ya fulu fremu, ile yenye sensa kubwa, yaani kipande kinachopokea mwanga, lakini akiinunua atabakiwa na pesa ya ile lenzi ya bei rahisi tu. Au achukue kropu, yenye sensa ndogo, na lenzi mbili za maana? Swali hili naulizwa kila mara, basi leo nalijibu hadharani.

Mimi jina nimelijenga na kropu, na nikijivuna kidogo mnisamehe. Harusi zetu za Mombasa mnazijua: usiku wa kina mama mwanamume hatii mguu, ndiyo maana wapiga picha wa kike tunatafutwa. Ukumbini taa nyeupe zimezimwa, zambarau zinazunguka, simu zimekatazwa tangu mlangoni, na mwenye shughuli keshasema hataki flashi machoni mwa bi harusi. Humo nimefanya kazi na Sony a6400 ya kropu na lenzi ya Sigma ya 56mm f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inapitisha mwanga zaidi), ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, 6400, shata sekunde 1/160. Chembechembe za ISO kubwa zilikuwepo, sikatai. Lakini hina ilionekana mpaka pale ua linapokutana na kucha.

Kuna mpiga picha mmoja mkubwa wa mjini aliwahi kunichukua nimsaidie. Akaitazama kamera yangu mbele ya wateja, akauliza, "Hii ndiyo ya pasipoti?" Wakacheka. Malipo nikapewa nusu. Mpaka leo nikipita pale roho hunichoma, ila picha iliyotundikwa sebuleni kwa wale watu ni yangu, si yake.

Sasa hesabu. Sensa ya fulu fremu ni milimita 36 kwa 24. Kropu ya Sony, Nikon au Fujifilm ni kama 23.5 kwa 15.6, ya Canon imepungua kidogo. Kwa eneo, kubwa ni zaidi ya mara mbili ya ndogo, na faida yake gizani ni kama stopu moja na robo (kila stopu ni mwanga mara mbili). Ni faida ya kweli. Lakini tazama lenzi: Sony a7C, ya fulu fremu, imekuwa ikiuzwa na lenzi ya 28-60mm ambayo ukiivuta mwisho inafungua f/5.6 tu. Kutoka f/1.4 hadi f/5.6 ni stopu nne, yaani mwanga umepungua mara kumi na sita. Sensa kubwa inakurudishia stopu moja na robo, zilizobaki utazitoa wapi? Taa za zambarau hazikuongezei.

Na wanaosema kropu ni nyepesi, wapime vizuri. Bodi ya Sony a6600, ya kropu, ina gramu 503, ya a7C ina 509. Uzito uko kwenye lenzi: Sigma 18-50mm f/2.8 ya kropu haifiki gramu 300, Sony 24-70mm f/2.8 GM II ya fulu fremu ni 695. Ukishavuka feri ya Likoni umeubeba mkoba ubavuni huku unasukumwa, tofauti hiyo utaijua. Hata fulu fremu huwa ndogo ukikubali lenzi isiyovuta (isiyo na zumu): Sony FE 40mm f/2.5 ni gramu 173, na kwenye vichochoro vya Mji wa Kale mchana sihitaji zaidi. Ndiyo, siku hizi ninayo fulu fremu pia. Niliinunua baada ya kropu kunilipia lenzi zake, si kabla.

Msidanganyike pia kwamba mtanunua bodi kubwa mkaendelea na lenzi za kropu. Zinaingia, lakini kamera hukata picha pembeni, na megapikseli 24 zinabaki kama 10. Mteja akitaka picha ya ukutani utamwambia nini?

Vijana wangu, mnanunua kamera kwa macho ya watu. Mnataka mtu akiiona aseme umefika. Bi harusi hajui sensa ni nini, anajua ngozi yake imetoka vipi. Lenzi kwanza. Nitasema tena kesho na keshokutwa: lenzi kwanza. Na mkitoka ukumbi wenye AC msiifungue mikoba hapo nje, kioo kitapata ukungu papo hapo; iacheni ipate joto imefungwa. Nyumbani wekeni vile vipakiti vya kufyonza unyevu, maana kuvu wa pwani hachagui bei.

Kwa hiyo dadangu wa Kisauni: kropu, 18-50mm na 56mm, harusi zikuite. Kama moyo bado uko kwa ile bodi iliyotumika, nenda mchana. Piga picha ya anga kwa f/16, uikuze, utafute madoa. Vumbi husafishwa, mkwaruzo kwenye sensa ndio basi. Muuzaji akikukatalia kujaribu, rudi zako Kisauni na pesa yako.